Siliqua: mbona sarafu moja ya fedha ya Warumi ni bei ya simu na nyingine ni bei ya gari?

Kitu kinachowavuruga wengi wanaoanza kufuatilia sarafu za fedha za Warumi wa mwisho ni bei. Unaingia kwenye mnada wa mtandaoni, unakutana na sarafu mbili, zote fedha, zote zina miaka 1,600 na ushee, zote upana wake kama ukucha wa kidole gumba, zote zina Kaizari kavaa taji la lulu kageukia kulia. Moja inaondoka kwa dola 150, nyingine imefika dola 3,000 na watu bado wanapandishiana. Ukiuliza kwa nini unajibiwa neno moja tu, adimu, kana kwamba hilo linaeleza kitu. Kwenye hizi sarafu uadimu ni mafundo matatu yaliyofungana, na usipoyafungua moja moja unaweza kulipa hela nyingi kwa kitu cha kawaida kabisa, au ukapita kando ya kitu cha maana bila kujua.

Ila kwanza zilitoka wapi, manake bila hapo hakuna kitakachoeleweka.

Karne ya 3 hela ya Roma iliharibika vibaya. Vita kila mpaka, wanajeshi wanataka mishahara, fedha haitoshi, basi serikali ikawa inachanganya shaba humo humo mpaka kufikia miaka ya 260 na 270 hiyo inayoitwa sarafu ya fedha ilikuwa na fedha asilimia chache tu, iliyobaki shaba iliyopakwa weupe kwa juu, na ukiishika leo unaona kabisa ule weupe ulishakwisha imebaki kahawia. Kaizari Diocletian ndiye aliyejaribu kurudisha heshima. Kwenye mwaka 294 hivi akatoa sarafu ya fedha nzuri ambayo sasa hivi tunaiita argenteus, ratli moja ya Kirumi ikitoa sarafu 96, yaani gramu 3 na kitu kila moja, na baadhi yake wameandika namba XCVI nyuma ili mtu asiwe na wasiwasi. Haikudumu sana. Kwenye jiwe lililopatikana Aphrodisias, Uturuki, kuna tangazo la mwaka 301 linalosema argenteus ihesabiwe denari 100, na mwaka huo huo serikali ikatoa amri ya kupanga bei za karibu kila kitu kuanzia ngano mpaka viatu, kwa hiyo unaona mambo hayakuwa yametulia. Halafu akaja Kaizari Constantine na dhahabu yake, solidus, 72 kwa ratli, na dhahabu ndiyo ikawa pesa ya uhakika ya dola nzima. Fedha ikabaki nyuma nyuma.

Ilirudi kwa nguvu chini ya Constantius II, mwaka 357 au 358 hivi, pale alipotoa sarafu nyepesi ya gramu 2 na kidogo. Hiyo ndiyo wakusanyaji wanaita siliqua, na mimi nitaiita hivyo hivyo maana ndivyo utakavyoikuta kwenye katalogi zote, ingawa wataalamu mpaka leo wanabishana Warumi wenyewe waliiitaje. Kaka wakubwa wa siliqua wanaitwa miliarense, moja ya gramu 4.5 na nyingine gramu 5.4, hizo ni chache sana na huwezi kuzipata kwa bei ya mchezo.

Sasa cha muhimu hapa, hii fedha haikuwa hela ya kununulia mboga sokoni. Mtu wa kawaida alikuwa na vishaba vyake. Fedha ilitolewa zaidi kama zawadi ya Kaizari kwa wanajeshi na maofisa, akitawazwa au akitimiza miaka mitano, kumi na kuendelea. Julian alipotangazwa Kaizari na wanajeshi wake pale Paris mwaka 360 aliahidi kila mmoja sarafu tano za dhahabu na ratli nzima ya fedha. Ndio maana siliqua nyingi sana nyuma hazina picha yoyote, zina shada la majani na ndani yake maneno kama VOT V MVLT X, maana yake nadhiri za miaka mitano zimetimizwa, tunaomba iwe kumi. Ni sarafu za shukrani na za kununua utii, na kwa kuwa zilimfuata mwanajeshi, zimefukiwa kule alikokuwa mwanajeshi. Likumbuke hili, tutalirudia.

Tuchukue moja tuisome kabisa. Siliqua ya Julian iliyogongwa Arles, kusini mwa Ufaransa. Mbele imeandikwa D N FL CL IVLIANVS P F AVG, D N ni Bwana Wetu, halafu jina lake Flavius Claudius Julianus, halafu mchamungu, mwenye bahati, Augusto. Sura ina ndevu, ndevu kweli kweli za mwanafalsafa, na hiyo ilikuwa tangazo la kisiasa kabisa kwa sababu tangu Constantine makaizari wa ukoo huo walikuwa wananyoa, huyu alitaka kurudisha miungu ya zamani na akataka aonekane hivyo. Geuza nyuma, VOT X MVLT XX ndani ya shada. Aliombewa miaka 20, akafa vitani dhidi ya Waajemi mwaka 363 akiwa hata hajamaliza miaka miwili ya kutawala peke yake. Chini ya shada kuna herufi ndogo PCONST. CONST ni Arles, mji ulikuwa umepewa jina la Constantina, na ile P ya mwanzo ni karakana ya kwanza, ukikuta S ni ya pili, T ni ya tatu. Herufi hizo ndogo za chini ndizo zinaamua bei kuliko kitu chochote, na mgeni huwa haziangalii, anaangalia sura tu.

Miji mingine ina alama zake. TRPS ni Trier, Ujerumani ya leo. MDPS ni Milan. AQPS ni Aquileia. Ile PS mwishoni inasimama badala ya pusulatum, yaani fedha iliyosafishwa kwa moto, ilikuwa kama dhamana ya serikali kwamba hapa hakuna shaba ya ujanja.

Basi tufungue fundo la kwanza, ambalo ni nani kaigonga na wapi. Sio jina peke yake na sio mji peke yake, ni vyote viwili kwa pamoja. Mfano unaoonyesha hili vizuri kuliko yote ni Magnus Maximus. Huyu alikuwa jemadari wa Kirumi kule Britania, mwaka 383 wanajeshi wakamtangaza Kaizari, akavuka bahari, Kaizari Gratian akauawa, yeye akakaa Trier miaka mitano mpaka Theodosius, Kaizari wa mashariki, alipomshinda na akauawa Aquileia mwaka 388. Siliqua zake za Trier, zenye TRPS na maneno VIRTVS ROMANORVM, zipo nyingi, mtu wa mshahara wa kawaida kule Ulaya anajikusanyia anapata. Lakini kwa muda mfupi aligonga pia London, mji ambao enzi hizo ulikuwa na jina la heshima Augusta, na alama yake ni AVGPS. Kaizari yule yule, sura ile ile, uzito ule ule, ila hizo za London ni chache mno na bei yake inaingia kwenye maelfu. Cha kuangalia kwanza ni herufi chini ya sarafu, AVG badala ya TR.

Halafu kuna wapinduzi waliotawala vipindi vifupi. Eugenius, mwalimu wa ufasaha aliyewekwa na jemadari Arbogast mwaka 392 na akaangushwa Septemba 394 kwenye vita vya mto Frigidus, siliqua zake zina ndevu na utazijua kwa hilo, sio rahisi ila zinapatikana ukisubiri. Jovinus aliyejitangaza Gaul, Ufaransa ya leo, mwaka 411 kwa msaada wa makabila ya Waburgundi na Waalani, akamalizwa 413, huyu ni mgumu zaidi, nyuma ya siliqua zake ameandika RESTITVTOR REIP, mrejeshaji wa dola, wakati dola yenyewe mwaka mmoja kabla ilikuwa imeona mji wa Roma ukiporwa na Wagothi. Ndugu yake Sebastianus, aliyemfanya mwenzake kwenye kiti, ni mgumu kuliko yeye kwa mbali, wakusanyaji wengine wanamaliza maisha yao bila kuishika sarafu yake.

Fundo la pili ndilo tamu zaidi kwangu, nalo ni ngapi zilisalimika. Idadi iliyogongwa ni kitu kimoja na idadi iliyobaki ni kitu kingine kabisa, na hapa jibu zima liko Uingereza.

Tarehe 16 Novemba 1992, kijiji cha Hoxne, Suffolk, mkulima alikuwa amepoteza nyundo shambani akamwomba rafiki yake mstaafu mwenye ditekta ya madini aje amtafutie. Mzee yule akakuta vijiko vya fedha, dhahabu, sarafu kwa mamia. Kitu alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimheshimu sana, hakuchimba kila kitu akajaza mifuko, akaacha, wakatoa taarifa, wataalamu wa mambo ya kale wakaja kesho yake wakalitoa lote kwa utaratibu likiwa bado limepangika ndani ya mabaki ya sanduku la mbao. Karibu sarafu 15,000. Zaidi ya 500 ni dhahabu, siliqua ni zaidi ya 14,000, na miliarense kama 60 tu, unaona uwiano huo. Aliyelipata alilipwa pauni milioni 1.75 na lote lipo British Museum. Nyundo nayo ilipatikana, nayo ipo makumbusho.

Hilo ni moja tu. Coleraine, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1854 zilitoka karibu 1,500 pamoja na vipande vya fedha. Traprain Law, Scotland, mwaka 1919 zilitoka zaidi ya kilo 20 za vyombo vya fedha vilivyokatwakatwa na siliqua chache ndani yake, na ndizo zilizosaidia kujua ni za lini. Mbona Uingereza hivi? Ile niliyosema tuikumbuke: fedha ilikuwa ya wanajeshi na maofisa, na Britania ilikuwa nao wengi. Mwaka 407 Constantine III, mpinduzi mwingine, akachukua jeshi akavuka nalo kwenda Gaul, serikali ya Roma haikurudi tena, sarafu mpya zikaacha kuja. Watu wakafukia walichonacho wakisubiri mambo yatulie, na hayakutulia.

Na kuna jambo limefanyika kule ambalo sehemu nyingine za dola halionekani kwa kiwango hicho, kunyoa sarafu. Ukishika siliqua iliyotoka Uingereza uwezekano ni mkubwa kwamba ukingo wake umekatwa kwa mkasi mzunguko mzima, maandishi yamepotea nusu au yote, gramu 2 imekuwa 1.2, nyingine iko chini ya gramu 1. Pale Hoxne zilizonyolewa ndizo karibu zote. Lakini angalia kwa lenzi, sura ya Kaizari haijaguswa. Taji, pua, shingo, vipo. Aliyenyoa alizunguka kwa uangalifu akaacha kichwa. Mimi siamini kwamba hiyo ni kazi ya wezi wa gizani, mwizi hajali sura, hii inaonekana kama jambo lililokubalika: fedha mpya haiji, iliyopo lazima itoshe, tunapunguza ukingo lakini uso wa Kaizari unabaki ili sarafu iendelee kupokelewa. Na zile nyuzi za fedha walizokata zilikwenda wapi? Nyingine bila shaka ziliyeyushwa zikagongwa siliqua za kuiga, na zinapatikana nyingi tu, maandishi yamepindapinda kama ya mtu anayenakili herufi asizozijua.

Hapa mafundo mawili yanakutana. Mkasi ulipopita chini ulikula alama ya karakana. Kwa hiyo siliqua ya Maximus iliyonyolewa inaweza kuwa imepoteza alama yake kabisa, na huwezi tena kujua kwa herufi za chini kama ni ya London au ya Trier. Ndio maana nawashauri watu wasidharau zilizonyolewa. Wauzaji wengi wanaziweka kwenye kasha la vitu vibovu, bei nusu au chini yake, wakati zimebeba habari ya miaka ambayo kwa Britania karibu hatuna maandishi yake.

Sasa zile alama za uadimu kwenye vitabu. Katalogi kubwa inaitwa Roman Imperial Coinage, watu wanaandika RIC, na kwa kipindi hiki unahitaji juzuu ya VI mpaka X. Wanatumia C kwa ya kawaida, S kwa isiyo nyingi, R kwa adimu, halafu R2, R3 mpaka R5. Wauzaji wanazipenda hizi R kweli kweli. Lakini juzuu ya IX, inayohusu mwaka 364 mpaka 395 ambako ndiko kwenye utamu wote, ilitoka 1951. Hoxne ni 1992. Ditekta zimeanza kuenea mashambani miaka ya 1970. Kitu kilichoandikwa R2 wakati ule mwandishi alikuwa ameona vipande vitatu vinne kwenye makumbusho, leo huenda vipo vingi tu, na kingine kilichoandikwa C hakijaongezeka hata kimoja. Kwa hiyo kabla hujalipia herufi R, ingia kwenye OCRE, ni hifadhi ya bure mtandaoni ya American Numismatic Society, tafuta namba ya RIC uone makumbusho yana ngapi, halafu pitia kumbukumbu za minada uone ni mara ngapi imepita miaka ya karibuni. Kazi ya jioni moja na itakuokolea hela.

Fundo la tatu ni lile watu hawapendi kulisikia, njia ambayo sarafu imepita mpaka kukufikia. Siliqua nyingi hazina historia yoyote, unaambiwa tu koleksheni ya zamani ya Ulaya na basi. Sarafu inayojulikana ilitoka shamba gani, mwaka gani, pamoja na nini, ndiyo adimu kuliko ya Jovinus. Uingereza kuna sheria, Treasure Act ya 1996, ukipata sarafu mbili au zaidi sehemu moja, zina miaka 300 na fedha au dhahabu angalau asilimia 10, unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 14. Makumbusho yakizihitaji yanalipa, yasipozihitaji zinarudishwa na zinaweza kuuzwa zikiwa na kumbukumbu zake, na hizo ndizo ningemwambia mtu anunue. Kuna pia Portable Antiquities Scheme inayosajili hata sarafu moja moja. Kama upo Uingereza na una ditekta, pata ruhusa ya mwenye shamba kwanza, halafu usajili unachopata. Nchi kama Uturuki na Bulgaria kilicho ardhini ni mali ya taifa na kukitoa nje bila kibali ni kosa, na zinazotoka kule usiku usiku zinapoteza kila kitu isipokuwa uzito wake. Lundo likigawanywa sarafu moja moja bila mtu kuandika lilikuwaje, tarehe lililofukiwa haitajulikana tena milele. Fikiria Hoxne kama yule mzee angeuza kimya kimya.

Feki zipo na nyingi ni nzuri. Siliqua ya kumiminwa kwenye kalibu utaona vitobo vidogo vidogo usoni kama vya chokaa, maandishi yana kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na pengine mstari mwembamba ubavuni ambapo nusu mbili ziliungana. Iliyogongwa na feki wa kisasa ni ngumu zaidi, hapo silaha yako ni picha: muhuri wa chuma uliochongwa kwa mkono uligonga sarafu nyingi, hivyo kufanana kwa muhuri sio tatizo, lakini sarafu mbili zikiwa na mkwaruzo ule ule, ufa ule ule na umbo la ukingo lile lile, moja ni mtoto wa nyingine au zote mbili zina mama mmoja feki. Uzito unasaidia, fedha safi ni mara 10.49 ya maji, na siliqua nzima ya miaka ya 360 ikiwa gramu 3 kuna tatizo. Pia zipo feki za zamani zile zile za Kirumi, moyo wa shaba ngozi ya fedha, unaona kijani kinatokeza pale ngozi ilipopasuka, na hizo wengine wanazikusanya kwa makusudi.

Ukishanunua, usioshe kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Fedha iliyokaa ardhini miaka 1,600 inabadilika ndani, inakuwa na chembechembe kama sukari guru na inavunjika kirahisi, ukiiangusha kwenye sakafu ya vigae unaweza kuokota vipande viwili, kwa hiyo iangalie juu ya kitambaa au godoro. Shika ukingo, sio uso. Vile vifuko laini vya plastiki ya PVC viepuke maana vinatoa mafuta ya kijani yanayokula fedha, tumia karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu. Na kile kitiketi cha zamani kinachokuja nayo, kimechakaa, kimeandikwa kwa wino wa mtu usiyemjua, usikitupe, weka pamoja na sarafu, andika chako kwenye karatasi nyingine: umenunua lini, kwa nani, gramu ngapi, namba ya RIC.

Kwa anayeanza mimi ningeanzia siliqua ya Honorius au Arcadius, makaizari wana wa Theodosius, ya Milan, MDPS, iliyonyolewa, yenye kumbukumbu ya shamba la Uingereza ilikotoka.